Kuyaelewa Majibu ya Kipimo cha Dengi

Mlipuko wa homa ya dengi wa mwaka 2019 uliathiri zaidi Dar es Salaam. Hata hivyo, mkazi wa Dodoma aliyesafiri pwani anaweza kurejea na virusi hivyo. Akipimwa, jibu la "chanya" humjulisha kuwa ameambukizwa. Halimwelezi ukali wa ugonjwa.

Ukali hukadiriwa kwa kipimo cha picha kamili ya damu, ambamo tabibu huangalia mambo mawili. La kwanza ni chembe sahani, ambazo husaidia damu kuganda. Kwa kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. La pili ni hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Chembe sahani zikishuka kwa kasi huku hematokriti ikipanda, huenda majimaji ya damu yanavuja kutoka mishipani. Hiyo ni dalili ya hatari.

Kwa hiyo, kipimo kimoja hakitoshi. Pima katika maabara iliyosajiliwa, omba majibu kwa maandishi yenye tarehe, na uende nayo kila unapomwona tabibu ili ayalinganishe.

Homa kushuka kusikudanganye: hatari mara nyingi huanza hapo, kati ya siku ya 3 na ya 7. Ukipata maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au kutokwa damu kwenye fizi, nenda hospitali mara moja bila kusubiri majibu. Aidha, usitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwani huweza kuzidisha kutokwa damu.