Mkubwa Ni Jalala

Waswahili husema mkubwa ni jalala: kila mtu humwaga kwake lawama, malalamiko na makosa ambayo yeye hakuyatenda. Methali hii hutumika zaidi kumpoza mzee aliyeonewa, lakini ndani yake mna maelezo ya jinsi wajibu unavyokua. Sheria ya Tanzania haimtii hatiani mtoto wa chini ya miaka 10. Kenya ilisogeza mpaka huo kutoka miaka 8 hadi 12 kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Huko Tanzania, kazi nyepesi huruhusiwa kuanzia miaka 14, kura miaka 18, ubunge miaka 21, urais miaka 40. Panda ngazi hizo taratibu utaona kwamba kinachoongezeka ni idadi ya watu ambao mambo yao yatakuwa juu yako. Mtoto hajibu lolote, kijana hujibu yake, na rais hulaumiwa hata kwa uzembe wa karani asiyemjua kwa sura.

Hata hivyo umri hufungua mlango tu. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu leseni ya rubani binafsi kuanzia miaka 17, kwa kawaida akiwa amekwisha kuruka saa 40. Leseni ya kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria hutaka miaka 21 na saa 1,500. Umri umeongezeka kwa miaka 4, saa zimeongezeka zaidi ya mara 37. Na wengi wanaokulia katika mashirika ya ndege huzipata saa hizo wakiwa marubani wasaidizi, pembeni ya mkubwa ambaye ndiye atakayeulizwa ndege ikitua vibaya, ijapokuwa usukani ulikuwa mikononi mwa kijana. Hapo ndipo uzoefu unapozaliwa: mdogo anafanya kazi ya kweli, na gharama ya kosa lake ina mtu wa kuibeba. Wamaasai nao huwapa morani walezi, olpiron, kutoka rika la pili juu yao. Rika linalowatangulia moja kwa moja halipewi kazi hiyo, kwa kuwa mara nyingi ndilo linaloshindana nao. (Ofisi nyingi zingefaidika na hekima hiyo.)

Atatokea wa kupinga: mbona wapo wazee wasiojali chochote, na yatima wa miaka 15 wanaolea wadogo zao? Wapo, na wote wawili wanathibitisha kwamba mzigo ndio unaokomaza. Mzee huyo alihesabu miaka bila kubebeshwa kitu. Yatima naye amekomaa kweli, ila amekomaa kwa kulipia mwenyewe kila kosa, na bei hiyo mara nyingi ni shule yake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uzoefu hulevya. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, rubani mkuu wa ndege ya shirika la KLM, mkufunzi aliyeheshimiwa sana, alianza kuruka bila ruhusa wakati ndege ya shirika la Pan Am ingali kwenye njia ya kurukia mbele yake. Fundi wa ndege yake aliuliza kama njia iko wazi. Akajibiwa kwa uhakika kwamba iko wazi, na hakuna aliyebishana tena. Walikufa watu 583. Baada ya hapo mafunzo ya marubani yalibadilika: mdogo anafundishwa kusema, mkubwa anafundishwa kusikiliza. Jalala lisilopokea neno la wadogo limeacha kazi yake, hata likiwa na saa elfu kumi.

Kwa hiyo tangazo la kazi linalotaka “uzoefu wa miaka mitano” limeuliza nusu ya swali. Mwajiri unayeliandika, ongeza mstari mmoja: nani ofisini kwako atasimama nyuma ya anayeanza, siku atakapokosea?