Marafiki wa Kaimosi na Woga wa Jirani

Nchi yenye Waquaker wengi kuliko zote duniani si Uingereza walikotokea, wala Marekani. Ni Kenya. Pita Vihiga, Kakamega au Bungoma Jumapili asubuhi uwasikie kwaya zao. Ni dhehebu la Kikristo, na wenyewe hujiita Marafiki. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi katika nchi ya Watiriki, wakaanzisha misheni ya ibada na ufundi. Kutoka hapo dini ikaenea kwa Wamaragoli, Wabukusu na wengineo.

Rafiki wa Uingereza akija huku hushangaa. Kwao watu huketi kimya saa nzima bila mchungaji. Huku kuna mahubiri, nyimbo na makofi. Hata hivyo mizizi ni ile ile. Hawabatizi kwa maji wala hawagawi mkate na divai. Mahakamani Rafiki haapi, huthibitisha tu kwamba atasema kweli, kwa hoja kwamba anayehitaji kiapo ili aaminiwe ana kasoro siku zote nyingine. Na tangu karne ya 17 wamekataa kushika silaha, wakiamini kwamba ndani ya kila mtu, hata adui, kuna kitu cha Mungu.

Desturi inayonivutia zaidi ni ya vikao vyao. Kwa kawaida hakuna kupiga kura. Karani husikiliza mpaka aone wote wanaelekea upande mmoja, ndipo aandike uamuzi. Mtu akisema moyo wake bado haujatulia, shauri husubiri. Vikao vya namna hiyo huchosha, tena sana. Lakini kura huzaa aliyeshindwa, naye huondoka na kinyongo. Sitawapaka mafuta: tangu miaka ya 1970 Marafiki wa Kenya wamegawanyika mara kadhaa kwa ajili ya uongozi na mali. Wanajua ugomvi ulivyo.

Mtihani mkubwa zaidi wa Marafiki ulikuja Burundi. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, kuuawa, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya Kibimba walichomwa moto hadi kufa. Kibimba ni kituo kilichoanzishwa na Marafiki wenyewe. Hakuna mahubiri yanayofuta jambo kama hilo. Mwaka uliofuata walianza na jambo dogo: kamati ya amani, Wahutu na Watutsi meza moja, wakati ambapo kuonekana pamoja tu kulikuwa hatari.

Baadaye, mwaka 2003, Marafiki wa Burundi na Rwanda walibuni mafunzo ya siku tatu ya kuponya jamii. Huketi watu wapatao ishirini, nusu upande huu na nusu upande ule. Siku ya kwanza watu hawaombwi wasameheane. Huulizwa mambo ya mwili: unalala? Unashtuka ukisikia mlango ukigongwa? Mjane wa upande mmoja hugundua kwamba yule anayemwogopa naye halali. Siku ya pili ni ya waliokufa, na ya machozi. Siku ya tatu mmoja hufungwa kitambaa machoni, mwenzake wa upande wa pili amshike mkono na kumtembeza nje, kwenye mawe na mifereji, kisha hubadilishana. Mwishoni huchora miti miwili, wa kutoaminiana na wa kuaminiana, na kutaja mizizi ya kila mmoja. Kwenye mti wa kwanza woga haukosi.

Hapo ndipo ninapokubaliana nao kabisa. Tumezoea kusema chuki ndiyo huua. Mara nyingi anayeshika panga ameshikwa kwanza na hofu: amesikia kwamba wale wanakuja usiku, akaona heri awatangulie. Na risasi zikinyamaza hofu haiondoki. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kenya ililipia somo hilo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakahama makwao. Lugari na Turbo, maeneo yenye makanisa mengi ya Marafiki, yaliungua. Januari 2008 viongozi wao walikutana Kakamega wakaunda timu ya amani. Ilipeleka chakula kambini, kisha ikakaa na vijana. Pamoja na mafunzo ya Burundi walitumia mengine, yaliyoanzia gereza la Green Haven, New York, mwaka 1975, yanayomfundisha mtu kuzuia ugomvi kabla mkono haujainuka. Kabla ya uchaguzi wa 2013 wakafunza raia kuripoti fununu kwa simu, ili uvumi uchunguzwe kabla haujageuka moto.

Kazi hii haina picha za kuvutia wala wafadhili wa haraka, kwa kuwa haiwezi kumalizika ndani ya mwaka mmoja wa bajeti. Wanasiasa wetu hukumbuka amani mwezi wa kampeni, wakachapa fulana na kukodi jukwaa. Uchaguzi mwingine wa Kenya ni Agosti 2027. Wenye makanisa, misikiti na mabaraza ya wazee wasingoje fulana; wawaketishe pamoja sasa majirani waliokimbiana 2008 na bado hawajaulizana walilala wapi.