Haki za Mwanamke Aliyeachwa



Mara nyingi tunamwona mwanamke aliyepewa talaka akirejea kwa wazee wake siku ile ile, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Mume hudhani kwamba neno lake limekwisha maliza yote. Sivyo. Talaka huvunja ndoa, haifuti haki. Basi na tueleze jinsi haki hizo zinavyokadiriwa katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu pwani hii.

La kwanza hutazamwa aina ya talaka. Aliyeachwa talaka rejea ana haki ya makazi, chakula na mavazi mpaka eda yake iishe, maana mumewe angali aweza kumrejea. Sura ya Talaka, katika aya ya 1, imekataza asitolewe nyumbani ila kwa uchafu ulio dhahiri. Eda hiyo ni twahara tatu. Kwa asiyepata hedhi ni miezi mitatu. Na kwa mja mzito ni mpaka ajifungue. Aliyeachwa talaka tatu, au aliyejivua kwa khului, hupata makazi tu, ila akiwa na mimba hulishwa pia mpaka azae.

La pili ni kiasi. Aya ya 7 ya sura hiyo imefanya uwezo wa mume kuwa ndio kipimo. Wanazuoni wetu wakakadiria chakula cha kila siku: tajiri vibaba viwili, wa kati kibaba kimoja na nusu, masikini kibaba kimoja, katika chakula kinacholiwa na watu wa mji. Basi mchukuzi hatadaiwa kama tajiri, wala tajiri hataachwa ajifanye mchukuzi.

La tatu ni kiliwazo, kiitwacho kitoka-nyumba, kilichotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 241. Kwa Imam Shafii hiki si hisani, bali ni wajibu kwa mke aliyekwisha ingiliwa, ikiwa kuachana hakukutokana naye. Kiasi chake ni kile watakachopatana. Wasipopatana, kadhi hukikadiria kwa kutazama hali zao wote wawili. Mahari yaliyosalia ni deni jingine, na hayahesabiwi ndani ya kitoka-nyumba.

Ama watoto, hao hawakuachwa. Kuwalisha ni juu ya baba yao, na mama anyonyeshaye ana haki ya ujira baada ya talaka.

Jambo moja lishikwe sana. Masurufu ya mke yasiyolipwa hubaki deni, hayafutwi na miaka. Lakini masurufu ya mtoto ya siku zilizopita hayawi deni ila kwa amri ya kadhi. Kwa hiyo mama asikae akingoja ahadi. Tarehe na idadi ya talaka ziandikwe, mashahidi wawepo, na shauri lifikishwe mapema. Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 170, imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka ya mambo ya ndoa na talaka baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Na Zanzibar ina sheria yake ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017.

Enyi waume, mlimchukua kwa amana mbele ya mashahidi. Msimtoe kwa dhuluma. Nanyi mawalii, msione haya kumdaia binti yenu haki yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika mapenzi na katika hasira. Amin.