Shule ya Wasichana ya Namagunga

Walio nyuma wasogee karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya: mtawa, mkunga, sekondari. Tutayakuta mbele.

Leo twaenda Uganda. Ukitoka Kampala kwa barabara ya Jinja, karibu na mashamba ya miwa ya Lugazi, utafika mahali paitwapo Namagunga. Hapo pana shule ya sekondari ya wasichana, iliyoanzishwa mwaka 1942 na watawa wa Kikatoliki. Mtawa wa kike ni mwanamke aliyeweka nadhiri: haolewi, hana mali yake mwenyewe, naye hukaa na wenzake katika nyumba moja kwa sala na kazi. Wengi huwaita masista.

Lakini watawa hao hawakufika Uganda mwaka 1942. Walifika tarehe 15 Januari, 1903, wakiwa sita, wakakaa katika kilima cha Nsambya, Kampala. Haya, chukueni kalamu. 1942 toa 1903, mwapata ngapi? Miaka 39. Mbona sekondari ilichelewa hivyo?

Mmoja wa wale sita alikuwa Mother Kevin, mzaliwa wa Arklow, nchi ya Ireland. Watu wa Uganda walimwita Mama Kevina. Nchi aliyoikuta ilikuwa na msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwaua watu maelfu kwa maelfu kandokando ya Ziwa Viktoria. Basi watawa walianza na dawa. Zahanati yao ya kwanza haikuwa na ukuta wala bati. Ilikuwa chini ya mwembe. Wasichana walifundishwa dini, kushona, na kusoma kidogo. Nasema kidogo, maana siku zile wengi, Waafrika na Wazungu pia, waliona kwamba msichana akiweza kusoma kitabu cha sala, yatosha.

Mambo yaligeuka kwa ajili ya uzazi. Wanawake walikuwa wakifa katika kujifungua, na watoto wachanga pamoja nao. Mwaka 1921 Mama Kevina na mwenzake, Evelyn Connolly, walifungua hapo Nsambya shule ya wauguzi na wakunga. Mkunga ni yule amsaidiaye mama kuzaa. Bibi zetu walikuwa wakunga hodari, wala hawakujua kusoma. Lakini kazi ya hospitali ni nyingine. Mkunga wa hospitali husoma jina la dawa katika chupa. Huandika saa uchungu ulipoanza, ili mwenzake wa zamu ya usiku ajue. Na matone je? Akiandikiwa 5 naye akatia 50, mgonjwa atapona? Ninyi mnaojifunza tarakimu mwajua nasema nini.

Tena mwaka 1923, huko Nkokonjeru, Mama Kevina alianzisha chama cha watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alianza na wasichana wanane. Baadaye masista hao walifika Kenya na Tanzania pia. Hao walitakiwa wawe walimu na wauguzi. Na mtu wa kufundisha wenzake lazima kwanza ajue zaidi yao.

Hivyo ndivyo haja ya sekondari ilivyokua. Sekondari ni shule inayofuata baada ya shule ya msingi. Namagunga ilifunguliwa wakati Vita Kuu ya Pili ingali ikipiganwa. Waprotestanti walikuwa wametangulia: shule yao ya bweni ya wasichana, Gayaza, ilianza mwaka 1905. Ushindani wa dini ulileta magomvi mengi Buganda, lakini katika jambo la shule, kwa maoni yangu, watoto walifaidika.

Na baada ya sekondari, msichana aende wapi? Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kwa wanaume peke yao. Hata wito wake ulikuwa na maana ya “Tuwe wanaume”. Mwaka 1945 wanawake sita wa kwanza waliingia, na wito ukabadilishwa. Haukufaa tena!

Katika waliosoma Namagunga yumo Specioza Kazibwe. Alikuwa daktari, kisha akawa Makamu wa Rais wa Uganda tangu 1994 hadi 2003. Yumo pia Winnie Byanyima, aliyesomea uhandisi wa ndege, akawa mbunge, na mwaka 2019 akawa mkuu wa UNAIDS, idara ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na UKIMWI.

Mama Kevina alifariki Marekani tarehe 17 Oktoba, 1957. Mwili wake ulipelekwa Ireland kwao. Wakatoliki wa Uganda wakaomba wapewe wao. Ukaletwa, ukazikwa Nkokonjeru mwezi Desemba mwaka uleule.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni jina la shule iliyo karibu nanyi, na mwaka ilipoanza. Asiyeujua mwaka na awaulize wazee, alete jibu somo lijalo. Kwaherini.