Gari la Zamani Likigongwa Barabarani: Nani Analipa, Kiasi Gani, na Bima Inaingiaje?



Barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ukishapita Bunju, Mapinga na Kerege, inaingia Zinga kabla ya kufika Kiromo na mjini. Inabeba daladala, malori ya mchanga, bodaboda, baiskeli na mifugo inayovushwa, na siku za mapumziko huongezeka magari ya familia zinazokwenda pwani. Mara moja moja hupita pia gari la michezo la miaka ya sabini ambalo mwenyewe amelitunza kwa jasho lake, au amelirithi kwa mzazi wake.

Gari la namna hii likigongwa, hesabu zake si sawa na za gari la kawaida ambalo spea zake zimejaa Gerezani na Kariakoo. Hapo ndipo watu hudhulumiana: huyu anadai kupita haki yake, yule anataka kulipa bei ya chuma chakavu, na wengine huingiza uongo kwenye fomu ya bima wakaona ni ujanja wa mjini. Tunaeleza hapa hukumu ya kisheria na taratibu za nchi kwa pamoja, kwani Muislamu anavihitaji vyote viwili.

Mfano tutakaoutumia

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya lita 2.4 na silinda sita. Wazee wa Afrika Mashariki wanaikumbuka: ndiyo iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Bodi yake na chesisi ni kitu kimoja kilichounganishwa kwa kuchomelewa, kwa hiyo pigo la pembeni mwa bampa linaweza kupinda mhimili wa mbele hata kama kwa nje unaona digadi tu limebonyea.

Tuseme gari hili lilikuwa likipita Zinga kwa mwendo unaoruhusiwa, bodaboda akatoka njia ya vumbi bila kutazama na kuligonga ubavuni. Hakuna aliyefariki, lakini kijana wa bodaboda ameumia mguu, na gari limeharibika.

La kwanza ni roho, kisha mali

Aliyeumia ahudumiwe kabla ya kutazama rangi ya gari, hata kama yeye ndiye mwenye kosa. Kwa Tanzania atahitaji fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Kisha askari wa usalama barabarani waitwe, wapime na kuchora eneo, na magari yakaguliwe. Piga picha kabla magari hayajasogezwa, andika namba za magari, majina ya mashahidi na namba ya stika ya bima. Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, maana stika inaweza kuwa ya kughushi au iliyokwisha muda.

Toa taarifa kwa kampuni yako ya bima mapema iwezekanavyo, na usilipeleke gari gereji likaanza kufunguliwa kabla mtathmini wa hasara hajaliona. Madai mengi hukwama hapo.

Wapo wanaomalizana barabarani kwa kupeana mikono. Sulhu ni jambo jema, lakini hasara ya gari la zamani haionekani yote siku ya kwanza. Ukikubali laki mbili leo na kumwachia mwenzako, kisha kesho fundi akakuta mhimili umepinda, umejitia kwenye ugomvi. Ni bora sulhu ifanyike baada ya hasara kujulikana, iandikwe, na mashahidi wawepo.

Nani anabeba dhamana?

Kanuni ya Kiislamu ni kuwa anayeharibu mali ya mwenzake analipa, awe amekusudia au amekosea. Kutokusudia kunaondosha dhambi lakini hakuondoshi deni. Msingi wake ni katazo la Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) la kudhuru na kudhuriana, alilolipokea Ibn Maajah na wengineo.

Kuhusu ajali za barabarani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitoa azimio namba 71 (2/8) katika kikao chake cha Brunei, Juni 1993. Kwa muhtasari, baraza lilisema kwamba kufuata sheria za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu kwa sababu ya maslahi ya watu. Kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayosababisha, isipokuwa tukio likiwa ni la nguvu asiyoweza kuizuia, au limetokana na kitendo cha aliyedhurika mwenyewe, au na kosa la mtu wa tatu. Na kwamba wakishirikiana wawili katika kosa, kila mmoja anabeba sehemu yake. Mwenye mifugo naye anadhamini ajali iliyosababishwa na wanyama wake kama alizembea kuwachunga. Wafugaji na madereva wa upande wetu wana haja kubwa ya kulijua hilo la mwisho.

Katika mfano wetu, bodaboda aliyetoka bila kutazama ndiye mwenye dhamana. Lakini kama mwenye Datsun naye alikuwa akikimbiza gari kupita mwendo unaoruhusiwa kijijini, hawezi kudai hasara yote. Sehemu ya lawama ni yake, na huenda akawa na deni kwa kijana aliyeumia mguu.

Analipa kiasi gani?

Mafaqihi wamegawa mali mafungu mawili. Kuna yenye mfano wake sokoni, kama mchele wa aina moja, na hii hulipwa kwa mfano wake. Na kuna isiyo na mfano kamili, ambayo hulipwa thamani yake. Gari la miaka hamsini linaingia fungu la pili, kwa kuwa magari mawili ya toleo moja hutofautiana kwa matunzo, kutu na uhalisi wa vifaa.

Imepokewa katika Swahiyh al-Bukhaariy kwamba mmoja wa wakeze Mtume alivunja chombo cha mwenzake kilicholetwa na chakula, na Mtume akampelekea mwenye chombo kingine kizima badala ya kilichovunjika. Na katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, kuna kisa cha Nabii Daawuud na Nabii Sulaymaan (alayhimas-salaam) kuhusu shamba lililoliwa usiku na mbuzi na kondoo wa watu. Wafasiri wengi wamepokea kuwa Daawuud aliona wanyama wapewe mwenye shamba, na Sulaymaan akaona mwenye wanyama alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, huku mwenye shamba akinufaika na wanyama kwa muda huo, kisha kila mmoja achukue chake. Tunapata humo kwamba kukirejesha kilichoharibiwa katika hali yake ni njia ya uadilifu, na kwamba manufaa yaliyopotea wakati wa kusubiri hayapuuzwi.

Kitu kikiharibika sehemu, mwenye kuharibu hulipa upungufu, yaani tofauti ya thamani kabla na baada ya kuharibiwa. Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano. Gari lilikuwa na thamani ya shilingi milioni 40. Baada ya kugongwa, wajuzi wanasema litauzika milioni 30. Upungufu ni milioni 10. Tuseme matengenezo ni milioni 8, na baada ya kutengenezwa bado wanunuzi watalithamini milioni 38 kwa kuwa digadi la asili limeondoka. Milioni 8 za matengenezo na milioni 2 za thamani iliyobaki kupungua zinarudi kwenye milioni 10 zile zile. Mwenye gari akilipwa 8 tu, amepunjwa. Akidai 15 kwa sababu lilikuwa la marehemu baba yake, amedhulumu. Mapenzi ya kumbukumbu hayana bei ya kumdai mtu.

Vivyo hivyo kutu. Hewa ya chumvi ya pwani hula bodi za zamani kimyakimya. Kutu iliyokuwepo kabla ya ajali haimhusu aliyegonga, na kuiingiza kwenye madai ni kula mali ya watu kwa batili.

Bima ndogo, bima kubwa na takaful

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya kufidia mtu wa tatu, ambayo watu huiita bima ndogo. Lengo lake la msingi ni kifo na majeraha ya watu. Uharibifu wa mali ya mwingine hutegemea maandishi ya mkataba na ukomo uliowekwa, kwa hiyo msomeni mkataba wa aliyegonga kabla ya kutarajia mengi. Gari lako mwenyewe hulindwa na bima kubwa.

Mwenye gari la zamani ajihadhari na jambo moja. Wengi huandikisha thamani ndogo ili kulipa ada ndogo. Gari la milioni 40 likiandikishwa milioni 10, kampuni inaweza kusema umekata bima ya robo tu, na hasara ya milioni 8 ikalipwa milioni 2. Afadhali upate tathmini ya maandishi na picha kila mwaka, na ukubaliane na kampuni juu ya thamani kabla ya ajali.

Ama hukumu ya bima yenyewe, Baraza la Fiqhi lililotajwa liliamua mwaka 1985 kuwa bima ya kibiashara haifai kwa sababu ya gharar iliyomo, na likaruhusu bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kuchangiana. Mfumo huo ndio takaful. Sudan ilikuwa na kampuni yake tangu 1979, Kenya ikapata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011, na kwetu ipo ZIC Takaful. Mwenye uwezo wa kuipata asiiache.

Aliyelazimishwa na sheria kukata bima ya kibiashara hana dhambi kwa kulazimishwa huko, na atosheke na kiwango kinachotakiwa. Akifidiwa na kampuni yake mwenyewe, wapo wanazuoni wanaomruhusu kuchukua kiasi cha ada alizolipa, na wapo waliopanua kwa mwenye haja. Ama kupokea fidia kutoka kwa bima ya aliyekugonga, hiyo ni haki yako iliyo juu yake, ameihamishia kwa mwingine. Chukua kiasi cha hasara yako na usizidishe. Wala usilipwe mara mbili, na kampuni na kijana wa bodaboda, kwa hasara ile ile.

Kampuni ikikataa bila sababu ya msingi, lalamika kwa maandishi, kisha nenda TIRA au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Gereji na amana

Makubaliano na fundi yawe wazi: kazi gani, ujira kiasi gani, spea za aina gani, na muda. Kwa gari la zamani, sema mapema kama digadi litanyooshwa au litabadilishwa, na kama puti itatumika. Mtake akurudishie vifaa alivyovitoa, isipokuwa kama mabaki yamekuwa mali ya kampuni ya bima kwa mkataba. Injini au rangi ikibadilika, taarifa ipelekwe TRA ili kadi ilingane na gari. Fundi akizembea au akikiuka makubaliano, analipa.

Siku ukiliuza, mweleze mnunuzi kuwa liligongwa. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkemea muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya kavu, akajitenga na kila mwenye kughushi. Rangi mpya juu ya puti ni mfano huo huo.

Aliyegonga akiwa hana kitu

Kijana wa bodaboda huenda hana bima wala akiba, na pikipiki yenyewe ni ya tajiri wake. Deni halifutiki kwa umasikini wake, lakini Allaah Ameamrisha katika Suratul-Baqarah, aya ya 280, mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na Akatuambia kuwa kumsamehe ni kheri zaidi. Mpangie malipo anayoyaweza, au msamehe sehemu, au yote ukipenda. Msamaha huo ni wako na thawabu zake ni zako. Jamaa wala msikiti wasikulazimishe, wala wewe usimnyang'anye kadi ya pikipiki anayolishia watoto.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.