Chura wa maabara na hoja ya dharura

BAADA ya swala ya Ijumaa alinijia binti wa kidato cha sita, msomaji wa sayansi, akiwa na swali lililomkosesha raha. Darasani wanafundishwa kumpasua chura. Hutiwa ndani ya chupa yenye klorofomu mpaka afe, kisha hubanwa kwa pini na kufunguliwa kifua na tumbo. Akauliza, "Sheikh, je, napata dhambi?"

Ndugu msomaji, swali hili si jepesi. Amepokea Abu Daud kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Tuzingatie kwamba muulizaji alikuwa tabibu, si mtoto mwenye manati, na alichokitafuta ni tiba.

Wanazuoni wa zama zetu walioruhusu kupasua wanyama kwa ajili ya elimu wameegemea haja: daktari asiyeujua mwili atawadhuru watu. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini katika Fiqhi dharura hupimwa kwa kadiri yake, na huondoka inapopatikana njia nyingine. Je, njia hiyo ipo?

Ipo. Katika Marekani na Kanada, chuo cha mwisho kilichokuwa kikitumia wanyama hai katika masomo ya shahada ya udaktari wa binadamu kiliacha mwaka 2016. Wanafunzi hujifunza kwa sanamu zenye mapigo ya moyo na kwa kufuatana na madaktari wazoefu wodini. Huko India, tume inayosimamia vyuo vikuu ilitoa mwongozo mwaka 2011 wa kupunguza upasuaji wa wanyama katika masomo ya zuolojia, na mwaka 2014 ikaelekeza usitishwe.

Mtu atasema hao wana fedha, na chura hupatikana mtaroni bure. Ni kweli, shule isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kuambiwa inunue kompyuta. Lakini buchani pana moyo, figo na mapafu ya mnyama aliyekwisha kuchinjwa ili aliwe. Moyo wa ng'ombe una vyumba vinne kama wa binadamu, na vali zake huonekana kwa macho. Wa chura una vyumba vitatu tu! Mapafu ya mbuzi yakitiwa hewa kwa pampu ya baiskeli huvimba mbele ya darasa zima.

Nakiri kwamba anayesomea udaktari wa mifugo hana budi mkono wake uuzoee mwili wa mnyama. Hata hapo, viko vyuo vinavyotumia miili ya wanyama waliokufa kwa maradhi, iliyotolewa na wenyewe. Kisha mwanafunzi, akisimamiwa, humpasua mnyama mgonjwa anayehitaji matibabu. Huyo hupasuliwa ili apone.

Nilimjibu binti yule kwamba simbebeshi dhambi kwa mtaala ambao hakuuandika yeye. Ila asingoje siku ya mtihani ndipo agome. Amwendee mwalimu mapema, kwa adabu, na mzazi wake akijua. Katika jimbo la California utaratibu kama huo umo katika sheria tangu mwaka 1988: mwanafunzi mwenye pingamizi la dhamiri humwarifu mwalimu, naye aweza kumpangia kazi mbadala.

Akaniomba nimwandikie mwalimu barua. Nimeiandika, na ndani yake nimeahidi kuulipia moyo wa ng'ombe wa kwanza.