Kuridhika ni Jambo Moja, Kujifunza ni Jingine

Muulize mwanafunzi wa chuo kikuu ni mhadhiri gani anayefundisha vizuri, atakutajia yule anayeeleweka palepale. Anaongea taratibu, slaidi zake zimepangika, mifano yake haiumizi kichwa, na ukitoka kwenye pindi lake unajiona umeiva. Yule mwingine, anayetupa swali kabla hajafundisha na kuwaacha vijana wakune vichwa dakika kumi, huitwa mvivu. Anataka tujifundishe wenyewe, husema.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na mwanafizikia Louis Deslauriers, waliipima hukumu ya namna hiyo. Walichukua wanafunzi wa fizikia ya utangulizi wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata mhadhara wa mwalimu mzoefu, msemaji hodari, aliyetatua maswali hatua kwa hatua mbele yao. Kundi la pili lilipewa karatasi zilezile zenye maswali yaleyale, ila lilitakiwa kwanza kuhangaika nayo kwa vikundi, mwalimu akipitapita kusaidia, ndipo lionyeshwe ufumbuzi. Kwa mada iliyofuata makundi yakabadilishana. Kila kipindi kilipokwisha wanafunzi waliulizwa wanaona wamejifunza kiasi gani, kisha wakapewa mtihani. Waliohangaika walipata alama za juu, na haohao ndio waliosema hawakujifunza sana. Waliopewa mhadhara mtamu walijiona wameelewa, mtihani ukawaumbua.

Maelezo yanapotiririka vizuri, msikilizaji huuchukua ufasaha wa msemaji akadhani ni uelewa wake mwenyewe. Anayekwama kwenye swali, kwa upande wake, anausikia mkwamo tu. Hajui kwamba wakati huo ndipo akili inapopanga upya mambo inayoyajua ili jipya lipate pa kukaa. Kwa hiyo anayejifunza zaidi ana sababu nzuri ya kulalamika zaidi. Hapa ndipo penye mtego kwa vyuo vinavyotaka wanafunzi wafaulu na pia waridhike, kana kwamba mambo hayo mawili huja kwa basi moja.

Fomu za tathmini ni mfano wa karibu. Mwisho wa semesta wanafunzi huulizwa mhadhiri alifundishaje, na majibu yao huingia kwenye faili lake. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Bob Uttl na wenzake nchini Kanada walikusanya tafiti zilizolinganisha alama ambazo wanafunzi huwapa walimu na kiasi ambacho wanafunzi hao walijifunza. Hawakuona uhusiano wa maana. Sisemi fomu zichomwe moto. Mwanafunzi ni shahidi asiyepingika wa mambo fulani: mhadhiri huja darasani au hutuma msaidizi, sauti yake hufika nyuma au huishia safu ya tatu, majibu ya testi hurudi kabla ya mtihani wa mwisho wa semesta, yaani UE, au baada yake. Kwa hayo aulizwe, na aaminiwe. Akiulizwa kama amejifunza, anajibu kuhusu alivyojisikia.

Udanganyifu huohuo huendelea usiku, mwanafunzi akiwa peke yake na desa lake, yaani notisi za kozi. Analisoma mara ya kwanza, linampa taabu. Anarudia, linalegea. Mara ya tatu kila sentensi inaonekana rafiki wa zamani, anazima taa akiamini kazi imekwisha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walichapisha mwaka 2006 jaribio linaloeleza usiku huo vizuri kuliko mahubiri yoyote ya washauri nasaha. Wanafunzi walisoma matini mafupi. Wengine wakayasoma tena; wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, na waliojipima wenyewe asilimia 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, waliojipima walikuwa na 56.

Ndiyo maana kukesha kuamkia mtihani hakujapata kufa pamoja na kuombolezwa sana. Kunafanya kazi, kwa dakika tano. Kijana anaingia ukumbini saa mbili asubuhi akiwa na moto, anamwaga, anapata B yake, na hakuna anayemwambia kwamba kozi ya semesta ijayo itasimama juu ya msingi ambao tayari umeporomoka. Wengi wanaopata sapu, yaani mitihani ya marudio, mwaka wa pili walianza kuanguka mwaka wa kwanza, wakati matokeo yao bado yanapendeza.

Mbona basi wengine hawaanguki? Ukizunguka Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jioni baada ya swala ya Magharibi, utakuta sehemu ya jibu imekaa chini ya miti: vimbweta. Ni meza za saruji zenye viti vya saruji, hazihami wala hazitamaniwi na mwizi. Hapo wanafunzi watano au sita huinamia mtihani wa miaka iliyopita, kompyuta mpakato moja imefunguliwa, simu mbili zinamulika taa, mtu wa mwisho kufika anasimama kwa sababu nafasi imekwisha. Mmoja anaeleza. Mwingine anamkatiza: "Hapana, hiyo haiwezekani, rudi nyuma." Kwa macho ya mtaalamu wa ujifunzaji, sentensi hiyo ina thamani kuliko slaidi arobaini.

Kule Berkeley, California, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, mwalimu wa hisabati Uri Treisman alijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi wengi walikuwa wakifeli kalkulasi. Wenzake walikuwa na majibu tayari: wametoka shule dhaifu, hawana hamasa, kwao hakuna fedha. Treisman aliwafuata wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya China, akaangalia wanavyosoma hasa. Weusi hawakuwa wazembe hata kidogo. Walihudhuria, walifanya kazi zao, walisoma saa nane kwa juma kama walivyoambiwa, kila mtu peke yake. Wenzao wa asili ya China walisoma peke yao pia, lakini jioni walikutana, wakala pamoja, wakakaguliana majibu, wakabishana. Jumla ilifika takriban saa 14. La muhimu kuliko saa, kila mmoja alijua amesimama wapi kati ya wenzake. Akikosea swali ambalo wenzake walilipata, kosa lilikuwa lake. Wakikosa wote, swali lilikuwa gumu. Aliyesoma peke yake hakuwa na kipimo hicho. Akikwama, alihitimisha kwamba yeye si mtu wa hesabu.

Treisman akaanzisha warsha za vikundi, na hakuwapa maswali mepesi ya kuziba mapengo. Aliwapa magumu kuliko ya darasani. Ufaulu ukapanda.

Sasa, tusivikweze vimbweta kupita kiasi. Viko vya aina mbili, na kwa mbali huwezi kuvitofautisha. Kwenye kimoja, yule anayejua anaongea na wengine wanaandika. Huo ni mhadhara mwingine, tofauti yake kuna mbu. Kwenye kingine kila mtu amejaribu swali kabla hajafika, na mabishano yanaanzia pale majibu yasipolingana. Aina ya kwanza huwapa watu raha ya kuwa pamoja, nayo si haba kwa mgeni wa mwaka wa kwanza aliyetoka Sumbawanga au Newala na hamjui mtu. Ya pili ndiyo inayofundisha. Kikundi kinachotaka kuhama kutoka ile kwenda hii kina sheria moja tu ya kuweka: asiye na jibu lake kwenye karatasi, hata likiwa bovu, asubiri kwanza aliandike.

Kimbweta kina kazi nyingine isiyoandikwa kwenye mwongozo wowote wa chuo. Mwanafunzi wa Tanzania aliyepita shule za serikali amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kikamgeuzia lugha, na chuo kikiendelea na Kiingereza hichohicho. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu kizima kuhusu mgogoro huo mwaka 1997, na mjadala haujapoa hadi leo. Darasani mhadhiri anauliza kama kuna swali, watu mia tatu wanatazama chini. Si kwamba hawana maswali. Kulitunga swali kwa Kiingereza, mbele za watu, huku wazo lenyewe bado halijakaa sawa, ni kubeba mizigo miwili kwa mkono mmoja. Jioni maswali yaleyale yanamwagika kwa Kiswahili, istilahi za Kiingereza zikipachikwa katikati, na kitu kinaeleweka. Kisha kinapaswa kurudishwa kwenye Kiingereza ili kiandikwe kwenye mtihani, na hapo wengine hupoteza alama za mambo wanayoyajua kabisa. Katika chuo hichohicho, kozi za shahada za Kiswahili zimefundishwa kwa Kiswahili tangu 1970, na hazijawahi kuhitaji mkalimani.

Kimbweta, hata hivyo, kinamtaka mtu aweze kubaki hadi usiku, na si kila mtu anaweza. Mwaka 2017 Mlimani zilifunguliwa hosteli za majengo 20 zenye nafasi 3,840, na bado wengi hupanga mitaani: Msewe, Changanyikeni, Makongo, Sinza. Wenye bahati hubebana, wawili kwenye kitanda cha mmoja, kinyume cha taratibu, kila mtu akijua. Aliyepanga geto mbali huangalia saa kuanzia saa kumi na mbili. Binti huangalia saa mapema zaidi, maana njia ya giza ni swali kwake kila siku. Mtafiti wa Marekani Alexander Astin alionyesha tangu zamani kwamba wanaoishi ndani ya chuo huwa na nafasi kubwa ya kumaliza masomo kuliko wanaotoka nyumbani na kurudi, na alieleza kwamba kinachobeba uzito ni kujihusisha: muda na nguvu mtu anavyoviweka kwenye maisha ya chuo. Anayeondoka na daladala ya saa moja anaikosa diskasheni, na akiikosa diskasheni amekosa kile Treisman alichokiona Berkeley.

Halafu kuna boom, fedha za mkopo za kujikimu. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hulipa fedha za chakula na malazi kwa mikupuo, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kiwango kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Kijana ambaye hajapata kushika hata laki moja anazipokea kwa siku moja, na kabla ya jioni nyumbani wanajua. Ada ya mdogo wake, dawa za bibi, deni la mwezi uliopita kwa mama ntilie. Siku ya arobaini anakula mlo mmoja. Tunapozungumzia nidhamu ya fedha ya wanafunzi, tukumbuke kwamba wengi wao ni tegemeo la kaya kabla hawajawa wahitimu. Boom ikichelewa majuma mawili, mahudhurio hupungua hata kwa wale wasiopenda kukosa pindi. Njaa haihitaji kufanyiwa utafiti.

Malalamiko ya wanafunzi, basi, yako ya namna mbili, na kosa kubwa la kiutawala ni kuyaweka kapu moja. Maji hayatoki hosteli, matokeo hayajabandikwa, intaneti ya maktaba imekufa, taa za njiani haziwaki: hivi ni vizuizi. Kila saa inayopotea kutafuta ndoo ya maji imetolewa kwenye kusoma, na hakuna hekima yoyote mtu anayoipata humo. Anayesema shida humkomaza mwanafunzi aende akaoge kwa ndoo wiki ya mitihani. Namna ya pili ni hii: swali lilikuwa gumu, mhadhiri hakutupa jibu, kazi ya kikundi imetuchosha. Mengi kati ya haya ni ishara kwamba kujifunza kumeanza. Uongozi ukiyasikiliza yote kwa sikio moja, utafanya lile lililo rahisi, yaani kulegeza masomo, na bomba litaendelea kukauka.

Deslauriers na wenzake walipata pia njia ya kupunguza manung'uniko ya namna ya pili. Mwanzoni mwa semesta waliwaeleza wanafunzi wazi kwamba watajiona hawaelewi, kwa sababu gani, na ushahidi wa mitihani unasemaje. Kuelezwa tu kulibadilisha mitazamo ya wengi.

Mhadhiri wa Mlimani atasema Harvard hawana watu mia tatu kwenye ukumbi wa viti mia mbili. Kweli, ila mbinu moja inayofaa umati ilianzia hukohuko mwaka 1991, kwa mwanafizikia Eric Mazur, nayo haihitaji hata umeme. Fundisha dakika kumi na tano. Andika ubaoni swali lenye majibu manne. Kila mtu achague kimyakimya, kisha anyooshe vidole: kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, hadi vinne. Wasiambiwe lililo sahihi. Kila mmoja amgeukie jirani aliyenyoosha tofauti, amshawishi kwa dakika tatu, na kwetu hapa waachiwe wabishane kwa Kiswahili. Wanyooshe tena. Vidole vikihamia kwenye jibu sahihi, mada imeingia na mhadhiri asonge mbele. Vikibaki vimetawanyika, amelijua hilo Novemba, wakati bado kuna muda wa kufundisha upya, badala ya kulijua Februari anaposahihisha vitabu vya majibu.